Namna ya kumsoma James Thurber mpaka umfaidi

Kuna katuni moja ya mwaka 1932 ambayo ndo huwa nawaanzishia watu wote wanaoniuliza kuhusu James Thurber, yule Mmarekani mwandishi na mchoraji wa vichekesho. Mume na mke wako kitandani usiku, mke kakasirika, anamwambia mumewe haya bwana, iwe unavyotaka wewe, umesikia sili anabweka. Sili yule mnyama wa baharini wa kule kwenye baridi kali. Na nyuma yao kabisa, juu ya ubao wa kichwani wa kitanda, sili yupo, kakaa zake. Wao hawamuoni. Basi, katuni imeisha.

Mtu akiiona kwenye simu anaiangalia sekunde mbili, anasema mbona mchoro wenyewe kama wa mtoto wa chekechea, alafu anapita. Usipite. Kaa nayo dakika nzima, mwangalie mke, mwangalie mume, mwishoni mwangalie sili, afu jiulize swali moja tu: hapa nani hajashtuka? Sili ndo hajashtuka. Yeye yuko pale kama vile pale ni kwake, na wenye nyumba wanagombana kama yupo au hayupo. Mi nimesoma karibu kila kitu cha huyu mtu nikiwa na hilo swali mkononi na bado halijanitupa, sababu kwa Thurber jambo kubwa la ajabu linapita kimya kimya na kelele zote zinapigwa kwa ajili ya jambo dogo. Ukishaligundua hilo kwenye picha moja utaliona kwenye hadithi zake zote.

Tumjue mwenyewe kidogo, haraka tu, maana maisha yake yanaelezea mkono wake. Alizaliwa Columbus, jimbo la Ohio, tarehe 8 Desemba 1894. Akiwa mdogo walikuwa wanacheza na ndugu zake ule mchezo wa kulenga mshale kama kwenye ile hadithi ya William Tell aliyelenga tufaha juu ya kichwa cha mwanae, na mshale wa kaka yake ukampata jichoni. Jicho likapofuka, na kibaya zaidi halikutolewa mapema, kwa hiyo taratibu na lile lililobaki nalo likaanza kuharibika, yani huyu mtu kachora kazi zote unazoziona kwa jicho moja bovu. Chuo kikuu cha Ohio State aliingia 1913 akatoka bila digrii, sababu mafunzo ya kijeshi yalikuwa ya lazima na macho yake hayakumruhusu kuyamaliza. Akafanya kazi ya ukarani wa maandishi ya siri wizara ya mambo ya nje ya Marekani, Washington na Paris, akarudi kwao kuwa ripota wa gazeti la Columbus Dispatch, na 1927 akaingia jarida la The New Yorker ambalo Harold Ross alikuwa amelianzisha miaka miwili tu nyuma. Alifariki New York tarehe 2 Novemba 1961, akazikwa kwao Columbus.

Sasa turudi kwenye picha, na hapa sitaki uharakishe.

Anza na picha, na usitafute ufundi wa kalamu

Thurber mwenyewe hakudhani michoro yake ni kitu. Alikuwa anachora kwa penseli kwenye makaratasi ya ofisini na kuyatupa. Ofisi alikuwa anachangia na mwandishi mwenzake wa The New Yorker, E. B. White, na White ndo alikuwa anayaokota, anapitisha wino juu ya penseli, anayapeleka kwa wahariri. Mchoro wa kwanza aliopeleka, wa sili kakaa juu ya mwamba anaangalia vidoa viwili kwa mbali na kujisemea kwamba wale ni wavumbuzi, ulirudishwa na mhariri wa picha akiwa amechora pembeni namna sharubu za sili zinavyotakiwa kuelekea. White akaurudisha vilevile na kajibarua kwamba hivi ndivyo sharubu za sili wa Thurber zinavyoelekea. Mwaka 1929 wakaandika kitabu pamoja, cha kuwatania wale wataalam waliokuwa wanaandika mambo ya mapenzi kwa lugha nzito, White akatandaza michoro ya Thurber sakafuni mbele ya wachapishaji, wakauliza hii ni mifano tu ya kumwelekeza mchoraji, si ndio? Akawaambia hapana, hii ndo michoro yenyewe inayoingia kitabuni.

Nalisisitiza hili sababu ndo kosa la kwanza la msomaji mpya, kuwaza huyu hajui kuchora. Fanya hivi: chukua katuni yake yoyote uihesabu mistari. Mwanaume ni kama mistari kumi na tano hivi, hana mabega, hana mifupa, tai inaning'inia. Mwanamke mkubwa kuliko mwanaume, nywele zimesimama kidogo, kidevu kimetangulia mbele. Taa, fremu ya picha ukutani, mguu wa kiti, imeisha. Afu jaribu kuongeza kitu, kwa mawazo tu, mpe yule mume vivuli na misuli ya uso, mpe sili manyoya yanayong'aa. Kichekesho kinakufa palepale. Ukimchora sili vizuri sana anakuwa ajabu, na akishakuwa ajabu inabidi mtu ashtuke.

Ushahidi mzuri kuliko wote ni ile katuni ya watu wawili wanaopigana kwa upanga kimchezo, mmoja kamkata mwenzie kichwa na kichwa kinaruka hewani, na aliyekata anasema touché, neno ambalo kwenye mchezo ule ni la kukiri pigo limefika. Wazo lilikuwa la mchoraji mwingine, Carl Rose, fundi hasa wa kuchora, alileta mchoro wake kamili na jarida wakaona hapana, hii ni damu na mauaji. Wakasema mpeni Thurber, watu wa Thurber hawana damu. Na kweli ukikiangalia kile kichwa kinavyoruka unaona kabisa kwamba kitarudi mahali pake, mwenye kichwa yuko kama kashangaa kidogo tu, basi.

Nyingine ya kukaa nayo ni ile ya mwanamke aliyejikunyata kwa magoti na mikono juu ya kabati la vitabu. Chini kuna mwanaume anaongea na mgeni, anamwambia yule pale juu ni mke wangu wa kwanza, na huyu hapa ndo Bi. Harris wa sasa. Thurber alieleza baadae kwamba alikuwa anachora ngazi na mwanamke amejikunyata kileleni, mkono ukakosea, ngazi ikageuka kabati, basi akaacha iwe kabati. Hata yule sili wa kitandani ni hivohivo, alikuwa anachora mwamba ukamtokea kama kitanda, akaongeza watu. Harold Ross alimpigia simu kabisa kuhusu yule mke wa kabatini, anataka kujua ni mzima, amekufa au amejazwa pamba kama wale wanyama wa makumbusho. Thurber akamjibu kwa utaratibu tu kwamba mtaalam wa kujaza wanyama anasema mwanamke hajazwi, na daktari anasema maiti haiwezi kujishikilia kwa miguu minne, kwa hiyo atakuwa mzima. Ona jibu lilivyo, halina mshangao hata kidogo. Ni katuni ileile imehamia kwenye simu.

Mbwa wa Thurber mtafute peke yake. Ni mbwa mkubwa mwenye masikio marefu na miguu mifupi, kichwa kizito, anaangalia mdudu au maua wakati binadamu wanapigana huku nyuma. Ukichoka na wale waume na wake, nenda kwa mbwa. Mi naona mbwa ndo sehemu aliyoipenda zaidi, hakuna mbwa wake hata mmoja aliyechorwa kwa chuki.

Ukija kwenye hadithi, chukua karatasi na kalamu

Kitabu cha kuanzia ni My Life and Hard Times cha 1933. Ni kifupi, kina michoro yake mwenyewe, na ni hadithi za nyumbani kwao Columbus alipokuwa kijana. Usianze na kitu kingine, nakuomba.

Hadithi ya kwanza ni ya usiku kitanda kilipoanguka. Kabla hujaisoma chora ramani ya nyumba, sio masihara, chora kabisa maboksi. Darini kalala baba, kapanda huko siku hiyo kwenda kuwaza, na mama anaogopa sana sababu kitanda cha darini kina ubao mzito wa kichwani unaoyumba, anasema ukianguka utamuua. Chumba cha chini yake yuko mama na Herman, ndugu wa msimuliaji. Chumba cha pembeni yuko msimuliaji kwenye kitanda cha kukunja cha kijeshi, pamoja na binamu Briggs ambaye anaamini akilala pumzi itakatika, kwa hiyo kaweka glasi ya kafuri karibu na kichwa, ya kunusa azinduke. Ng'ambo ya korido yuko Roy, ndugu mwingine. Koridoni mbwa, Rex.

Ukishaichora hiyo, soma. Saa nane za usiku kitanda cha msimuliaji kinapinduka, kinamfunika, wala hajaumia. Kila mtu anasikia kishindo kilekile na kila mtu anatafsiri kwa hofu yake aliyolala nayo: mama anajua ubao umemwangukia baba, Briggs anajua yeye ndo anakufa kwa kukosa hewa na anajimwagia kafuri yote, baba huko juu anahisi nyumba inaungua, anajibu nakuja, mama chini anasikia ile nakuja kama mtu anayeaga dunia, na mbwa kaamua Briggs ndo mwenye makosa. Bila ramani unaona vurugu tu. Ukiwa na ramani unaona imejengwa kama saa ya ukutani, kila jino linasukuma jino lingine, na ndo hapo unaanza kumheshimu. Na kabla ya vurugu kuna shangazi zao wametajwa kwa kupita, mmoja ana hakika mwizi atampulizia dawa ya usingizi chini ya mlango, kwa hiyo kila usiku anapanga pesa na vyombo vya fedha nje ya mlango na barua ya kumwambia mwizi chukua, hivi ndo vyote nilivyonavyo, usinipulizie. Inaelezwa kama vile ni tabia ya kawaida ya mtu. Wala msimuliaji hamcheki.

Ile ya bwawa kupasuka isome ukijua kwamba mwaka 1913 Columbus ilipata mafuriko kweli, upande wa magharibi watu wengi walikufa maji. Hadithi yake ni ya upande wa mashariki, ambako maji hayakufika wala yasingefika. Mtu mmoja anaanza kukimbia, labda kakumbuka tu amechelewa mahali, mwingine anakimbia, mtu anataja bwawa, mji mzima unakimbilia mashariki, maafisa, wamama, wote. Alafu wanaambiwa bwawa halijapasuka. Sehemu ninayoipenda ni ya kesho yake, jinsi watu walivyorudi kazini na hakuna aliyetaka kulizungumzia. Kila anayejua jinsi ujumbe wa kutisha unavyosambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kabla mtu hajauliza umetoka wapi ataielewa hiyo hadithi bila maelezo.

Kwenye ile ya chuo kikuu kuna somo la botania. Kila mwanafunzi anaangalia seli za mmea kwenye darubini anazichora, yeye haoni kitu, anaona kama maziwa tu. Mwalimu anarekebisha darubini kwa kila namna, na siku moja kijana anaona, anafurahi, anachora madoadoa na mistari, mwalimu anakuja, anaangalia, anapandwa na hasira. Kachora jicho lake mwenyewe lilivyojirudia kwenye kioo. Ukiwa hujui habari ya mshale unacheka na kupita, ukiwa unajua unacheka na bado kuna kitu kinabaki kifuani.

Ya mbwa aliyeng'ata watu, Muggs, hiyo niliwahi kumsomea shangazi yangu jikoni, natafsiri hukuhuku kwa Kiswahili anachambua mchele. Muggs ni mbwa mkubwa aina ya Airedale, anang'ata kila mtu, na kila Krismasi mama yake Thurber anawatumia boksi la peremende wote walioumwa, na orodha ilipita majina arobaini. Shangazi akasimamisha mikono akaniuliza, sasa mwanangu, badala ya kumfunga mbwa ananunua peremende? Nikamwambia ndio shangazi, na ananunua kila mwaka. Akasema huyo mama namuelewa. Hakucheka hata kidogo, kaitikia kama jambo la jirani, na mi nikaona shangazi kamsoma Thurber vizuri kuliko watu wengi. Kwa hiyo ushauri wangu mwingine ni huu, msomee mtu kwa sauti, tena mtu mzima asiyejua kwamba anatakiwa kucheka.

Ngano zake usizimalize kwa siku moja

Fables for Our Time ilitoka 1940, ngano fupi za ukurasa mmoja mmoja, mwishoni kuna funzo. Sisi tumekulia kwenye ngano za sungura na fisi kwa hiyo umbo lake hutafundishwa, ila angalia anachofanya na lile funzo. Ya msichana na mbwa mwitu inaenda kama tunavyoijua, bibi, kitanda, kofia ya kulalia, afu binti anatoa bastola kwenye kikapu anampiga risasi mbwa mwitu, na funzo ni kwamba wasichana wa siku hizi si rahisi kudanganyika kama wa zamani. Ya sungura waliosababisha matatizo yote ilitoka 1939, mbwa mwitu wanawalaumu sungura kwa kila kitu, tetemeko ni wao, radi ni wao, mafuriko ni wao, mwisho wanawala, na wanyama wengine wakiuliza wanaambiwa hayo ni mambo ya ndani. Ukiangalia mwaka ulioandikwa na kilichokuwa kinaendelea Ulaya unaiweka chini kitambo kabla ya kusoma nyingine.

Ya bundi inataka maelezo kwa msomaji wa huku, maana kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kwa wenzetu bundi ni alama ya hekima. Fuko wawili wanashangaa bundi kawaona gizani, wanasambaza habari kwamba anajua yote, anatumwa ndege karani kwenda kumpima, na bundi kwa sauti yake ileile ya usiku anabahatika kupatia kila swali. Hizo sauti zinageuka majibu kwa Kiingereza tu, ukitafsiri zinapotea, kwa hiyo hapo soma Kiingereza kwa sauti na utasikia. Mbweha anauliza, je na mchana anaona? Wanamcheka, wanamfukuza. Wanamfuata bundi mchana kweupe mpaka katikati ya barabara kuu, lori linakuja, kipanga anawaonya, wao wanapiga kelele bundi ni mungu. Nani hakushtuka? Bundi. Hakushtuka sababu hakuliona lori.

Ya farasi mweupe mwenye pembe moja bustanini nakuachia mwenyewe. Funzo lake limejengwa kwenye mchezo wa maneno usiotafsirika, lakini hadithi yenyewe inasimama, mume mtulivu anakula mayai asubuhi na mke anayetaka kumpeleka hospitali ya vichaa. Ngano mbili tatu kwa siku zinatosha, ukizifululiza zinachosha, hilo nalisema wazi.

Walter Mitty, na penseli yako

Hii ndo maarufu kuliko zote, ilitoka The New Yorker tarehe 18 Machi 1939, na jina Walter Mitty limeingia mpaka kwenye kamusi za Kiingereza kumaanisha mtu anayeishi kwenye ndoto za mchana. Imefanyiwa filamu mbili, 1947 na Danny Kaye, 2013 na Ben Stiller. Soma hadithi kwanza, ni ya kukaa nayo dakika kumi na tano tu, filamu zote mbili zimeenda mbali nayo na ya kwanza Thurber mwenyewe hakuipenda.

Mzee anamuendesha mkewe kwenda saluni, anatumwa kununua viatu vya kuvaa juu ya viatu wakati wa matope na biskuti za mbwa. Hilo ndo tukio zima. Ila njiani anakuwa kamanda wa meli, daktari bingwa wa upasuaji, mshtakiwa mahakamani, rubani wa vita, na mwisho mtu anayesimama mbele ya wapiga risasi. Chukua penseli, kila ndoto inapoanza rudi mstari mmoja nyuma utafute kilichoiamsha, utakiona karibu kila mara: anapita mbele ya hospitali, anakuwa daktari, muuza magazeti anapiga kelele za kesi, yuko kizimbani. Na kuna mahali inarudi kinyumenyume, huko mahakamani anamtukana mtu kwa neno la mbwa, na palepale barabarani anakumbuka biskuti za mbwa. Kuna mlio pia, ta-pocketa-pocketa, kwenye meli ni mtambo, hospitalini ni mashine ya usingizi, vitani ni silaha za kurusha miali ya moto. Zungushia duara kila unapotokea. Sauti moja ya mashine inamfuata kwenye maisha yote ya ndoto zake. Mi hapo ndo huwa namhurumia.

Niseme na kisichopendeza, sababu anayependa kazi ya mtu asifiche. Kuna vipande, hasa vya wafanyakazi wa ndani, ambavyo vinachekesha kwa namna wafanyakazi weusi wanavyotamka Kiingereza. Mi hivyo navipita, na mtu akiniuliza namwambia vipo na vinauma. Na ule mfululizo wa michoro wa 1934 wa vita kati ya wanaume na wanawake, na mwanamke mkubwa anayetisha kila ukurasa, ukivisoma vingi kwa pamoja unaona woga wa mwanaume mmoja unajirudia. Kuna mchoro mwingine wa aina hiyo ambao hata hivyo siuachi, mwanaume mdogo anarudi nyumbani jioni na upande wa nyuma wa nyumba umegeuka uso wa mwanamke unamwangalia. Huo ni woga, sio kejeli.

Macho yanavyozima

Baada ya hapo ndo usome alichofanya giza lilipoingia, na usikisome mwanzoni, kina uzito tofauti ukishamjua. The Last Flower ya 1939 ni hadithi ya picha na maneno machache sana, hata Kiingereza cha sekondari kinatosha. Dunia imeharibiwa na vita vya dunia vya kumi na mbili, mbwa wamewaacha binadamu, msichana mmoja anaona ua la mwisho linakufa anajaribu kulitunza, upendo unarudi, miji inarudi, na wanajeshi nao wanarudi. Kamuandikia binti yake Rosemary, kwa matumaini ya huzuni kwamba dunia yake itakuwa bora kuliko ya baba yake. Ilitoka vita ya pili imeshaanza.

1940 na 1941 alipasuliwa jicho mara tano. Akawa anaandika kwa penseli nene kwenye karatasi za njano, maneno kama ishirini tu yanajaza ukurasa, anachora akiwa amevaa kofia yenye lenzi za kukuzia, na baadae kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi. Mchoro wake wa mwisho ni wa 1951, kajichora mwenyewe, ukatumika kava la jarida la Time. Baada ya hapo akawa anatunga kichwani na kumsomea katibu. Na hakuwa mtu wa kuridhika haraka, hadithi moja kwa maelezo yake mwenyewe aliiandika upya mara kumi na tano, maneno kama 240,000 ukijumlisha rasimu zote, na iliyobaki haizidi 20,000. Kila ukiona sentensi yake imekaa kirahisi kumbuka hiyo hesabu.

Kwa atakayefika Ohio, nyumba ya familia iko namba 77 Jefferson Avenue, Columbus, waliishi hapo kati ya 1913 na 1917 na ndo nyumba ya hadithi yake nyingine, ya mzimu, tangu 1984 iko wazi kwa wageni na wanaiita Thurber House. Tuzo ya Thurber ya uandishi wa kuchekesha Marekani inatolewa tangu 1997. Chuo chake cha Ohio State kilitaka kumpa digrii ya heshima 1951, akakataa, sababu chuo wakati huo kilikuwa kinachuja nani aruhusiwe kuja kuongea pale, ni enzi za kuwindwa kwa wakomunisti. Miaka zaidi ya kumi nyuma yake, 1940, alikuwa ameshaandika na rafiki yake Elliott Nugent tamthilia ya The Male Animal, kuhusu mwalimu wa chuo anayeambiwa asisome barua fulani darasani na yeye anataka kuisoma. Kwa hiyo alikuwa anajua anakataa nini.

Cha mwisho, The 13 Clocks, 1950. Hiki usikisome kwa macho. Tafuta mtu akusomee, taa mzime mkitaka, maana kimetungwa na mtu asiyeona na kimejaa vina na mizani vilivyofichwa ndani ya nathari, sikio lililozoea mashairi yetu litavidaka haraka kuliko jicho. Kuna ngome, ndani yake mtawala mkatili ambaye mikono yake ni baridi daima, saa kumi na tatu zimeganda kwenye saa kumi na moja kasoro dakika kumi, binti mfalme aitwaye Saralinda, na kijitu kinaitwa Golux, chenye kofia ambayo kitabu kinasema haielezeki.

Picha hakuweza kuchora tena, alichora Marc Simont. Simont alipomaliza, Thurber hakuweza kuiona ile kofia, kwa hiyo akamwambia nieleze imekaaje. Simont akajaribu, akajaribu, ikamshinda kuieleza. Thurber akaridhika.